Matawi ya Mkorosho

Laiti ningemkatalia kaka yangu. Leo jirani amepogoa mkorosho, na harufu ya majani mabichi imenirudisha njia ya Pangani. Lori lilikuwa limezama kwenye tope mbele huko, na basi letu lilikuwa la mwisho kwenye foleni, palepale konani. Utingo alitandaza matawi ya mkorosho nyuma yetu kuwaonya wanaokuja.

“Kalete yale tufunike samaki wa mama,” kaka alisema. “Jua litawaozesha.”

“Utingo atanichapa.”

“Utingo yuko mbele anatafuna muwa. Mwoga we.”

Nikayaokota yote. Kaka alikuwa ameinama nyuma ya basi, akiyapanga kapuni, tuliposikia fuso likija kwa kasi. Dereva hakuona onyo lolote. Kaka yangu alifia pale kwa sababu yangu.