Hoteli ya Kiti cha Mgonjwa

Nyinyi vijana ambao mnapiga picha mabango ya hoteli na kutumiana mkicheka, kaeni chini kidogo niwaambie. Sisemi msicheke. Hata mimi nimecheka. Lakini mtu hapandi ngazi na mkebe wa rangi bila sababu, na kama hamjauliza sababu yake, msijidanganye mmeelewa.

Mimi shule niliachia darasa la tatu. Kusoma kwenyewe nilifundishwa na mume wangu, huyo ndiye mzee wangu, barabarani, tukitoka Kitengela kwenda Kajiado kutafuta mbuzi wa kuchinja. Alikuwa ananionyesha bango la hoteli, ananiambia nisome, na nikikosea ananyamaza mpaka nijirekebishe. Kulikuwa na moja inaitwa Usiniulize Kafe. Kulikuwa na Tumerudi Tena Hoteli, na hakuna mtu alijua walikuwa wameenda wapi. Kulikuwa na Wageni Wanne, ambayo tulibishania karibu mpaka Isinya, kama ni meza ziko nne ama ni mtu wa tano hufukuzwa. Siku moja mzee akashuka akauliza. Mwenyewe akamwambia kwamba siku aliyofungua, mvua ilinyesha kutoka asubuhi na wakaja watu wanne peke yao, na kama hao hawangekuja, jioni hiyo angefunga asirudi. Mzee alirudi kwa pikapu ametulia, na hiyo hakuicheka tena.

Kwa hiyo pikapu tulikuwa tunakaa watatu. Wa tatu alikuwa rafiki yangu, ambaye tulikuwa na hoteli pamoja pale Kitengela, karibu na soko la mifugo. Ilikuwa ya mabati, jiko nyuma, meza mbele, jina haina. Sisi wawili tulishona aproni za kitambaa kimoja, wateja wakatuita pacha, na sisi tukazoea kuitana hivyo. Yeye alikuwa wa supu na chapati. Mimi nilikuwa wa githeri, nyama, na kunyamazisha walevi.

Halafu mzee wangu akagonjeka. Miguu ilianza kuvimba, baadaye pumzi ikawa shida. Hakutaka kubaki nyumbani akiangalia ukuta, kwa hivyo tulimleta hotelini kila asubuhi. Benchi hangeweza, mgongo ulikataa. Akanunua kiti cha mbao chenye mikono, na kwa sababu sakafu yetu ilikuwa na mashimo, akapigilia kipande cha tairi chini ya mguu mmoja ndio kisicheze. Mikono yake ilikuwa imeanza kukosa nguvu, na misumari yote ilipinda. Nikamwambia nimuite fundi airudie, akakataa.

Basi akawa anakaa hapo karibu na mlango, kazi yake ni kupokea salamu. Wafanyabiashara wa ng'ombe walikuwa wakiingia, kabla hata ya kuagiza chai wanamgeukia na salamu ya Kimaasai, "Sopa, mzee," na yeye anajibu "Ipa" kwa sauti kubwa kama mtu ambaye hana shida yoyote. Akitoka nje kidogo, na mgeni ajaribu kukalia hicho kiti, meza nzima inamwambia hapana, hicho ni kiti cha mgonjwa. Ndivyo watu walianza kusema wanaenda kunywa chai pale kwa kiti cha mgonjwa.

Alikufa. Hapo sitaandika mengi. Kiti nilikiacha mahali pake na hakuna mtu alikikalia.

Baadaye mchoraji wa mabango akapita, akasema jina si tuko nalo tayari, yeye ni kutupakia rangi tu. Nilimwambia aende zake, hilo si jina la kuuzia watu chapati. Rafiki yangu alikuwa anasukuma unga. Aliinua kichwa akamwambia yule mchoraji, wateja wote wakisikia:

"Siku hilo jina litaandikwa ukutani, ujue mimi nimekufa."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Alikuwa anakuja kwangu usiku kunisaidia kumgeuza mzee kitandani, na mzee alikuwa mtu mkubwa.

Halafu tukaambiwa hoteli iko kwa nafasi ya barabara, tubomoe wenyewe kabla tingatinga haijakuja. Mimi magoti yalikuwa yamechoka, nikaamua kupumzika. Yeye alikuwa na stoo Kisaju, kwa hivyo vyombo vyote vilienda huko, na kiti pia. Nilipotuma mtu akichukue, rafiki yangu alisema mchwa wamekimaliza, kilichobaki amewasha nacho moto. Siku hiyo nililia jikoni, nikaosha uso, nikapika. Na alipokuja kuniona, mimi ndiye nilimpa pole, kwa sababu ya mchwa kuingia stoo yake.

Sasa, mwaka huu, Jumapili moja baada ya kanisa tulikuwa mezani. Mjukuu wangu wa kike, yule anasoma chuo, akanyoosha simu katikati ya sahani.

"Shosho, cheki hii. Nani huita hoteli Kiti cha Mgonjwa?"

Wakainama wote. Mmoja akasema labda chakula yao haina chumvi. Mwingine akasema hapo ukimaliza kula unapewa kitanda. Aliyecheka kuliko wote ni kijana wangu wa mwisho, na sikumlaumu. Baba yake akikaa kwa hicho kiti, yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Niliweka kijiko chini, nikauliza hiyo hoteli iko wapi. Wakasema Kisaju.

Kesho yake nilienda na huyo mjukuu. Ni hoteli ya mawe, na mahali pa kuegesha magari. Ukutani wameandika kwa rangi nyekundu, na wamechora kiti. Ndani wameinua mahali na vigae, na juu ya hivyo vigae kulikuwa na kiti cha mbao chenye mikono, kimepakwa vanishi, kimefungwa riboni. Vijana walikuwa wamepanga laini wapigwe picha wakikikalia. Mmoja alikuwa ametoa ulimi na kulegeza shingo.

Msichana anayehudumu alinikaribisha vizuri, hakunijua. Akaniambia nikae nipigwe picha, ni ya bure. Akanieleza kwamba kulikuwa na mzee aliletwa hapo amebebwa, akakaa kwa hicho kiti, akapewa supu yao ya mifupa, akasimama akatembea mpaka kwake.

"Na mpaka leo yuko, shosho."

Nikamuuliza yuko wapi. Akasema ni huko Kajiado, na ana ng'ombe wengi.

Niliwaambia hao vijana waondoke, wakaondoka. Nikashika kiti nikakigeuza miguu juu. Tairi ilikuwa hapo. Misumari ilikuwa imepinda vile vile alivyoipinda. Mchwa hakuwa ameonja hata kidogo.

Rafiki yangu alitoka jikoni akipangusa mikono, akaanza kwa kucheka.

"Pacha! Si ungepiga simu tukuchinjie kuku."

Nilimwambia sikuja kula. Nikamuuliza ni siku gani mzee alitoka kwa kiti akitembea, kwa sababu mimi nakumbuka nikimtoa na blanketi, na yeye ndiye alikuwa ameshika upande wa miguu. Watu wakaacha kutafuna. Alitaka kunivuta nyuma, nikakataa kuvutwa, basi akaongea hapo hapo kwa sauti ya chini. Alisema biashara ni ngumu. Alisema mtu akikuja kula hataki kusikia mambo ya mazishi, anataka kusikia aliyepona. Alisema lile jina lilitoka kwa wateja, mimi sikulizaa. Kisha akasema neno ambalo naenda nalo mpaka leo nikilala:

"Lilikuwa limekaa tu, pacha. Wewe hukuwa unalitumia."

Nikamjibu, "Ulisema siku likiandikwa utakuwa umekufa. Ndio nimekuja matanga."

Nilishika mkono mmoja wa kiti, mjukuu akashika wa pili, tukaelekea mlangoni. Hakutuzuia. Tulipofika nje alitufuata kidogo, nikadhani anakuja kusema pole. Alikuja kusema ile riboni ni ya hoteli. Mjukuu wangu akaifungua, akaikunja vizuri, akampa.

Bango bado liko. Nasikia amenunua kiti kingine, na yule mzee wa hadithi siku hizi si kutembea tu, anakimbia. Siwezi kumkataza. Lakini niwaambie kile kinaniuma, na si rangi ya ukutani. Zile siku za mwisho za mzee wangu zilionwa kwa karibu na watu wawili, mimi na yeye. Nikisahau vile alivyoitikia salamu, ama alisema nini juu ya ile misumari, nilikuwa na mtu wa kuuliza. Sasa huyo mtu yuko Kisaju anawaambia wageni kwamba alipona, na akiulizwa mara nyingi ataanza kuamini yeye mwenyewe. Nimebaki nayo peke yangu, na kichwa changu si cha kutegemea kama zamani. Ndiyo maana naandika.

Jioni ile tuliyorudi na kiti niliwaambia watoto kila kitu, kuanzia kwa pikapu. Yule wa mwisho aliinama chini ya kiti, akashikashika ile tairi, akakaa huko muda mrefu. Tulipomaliza kula nikawapa amri, na ni hiyo mpaka sasa. Kiti kinakaa karibu na mlango. Aliyechoka akikalie, sitaki kiwekwe kama sanamu. Na yule mama wa Kisaju akija, na atakuja, namjua, atabeba mkate, mfungulieni, mumsalimie kwa heshima, mpeni chai ya maziwa, na mumkalishe kwa benchi.