Vigari Kumi na Viwili vya Kiangazi

Kwenye nchi za baridi watu hucheza gofu kiangazi, na vigari vyao hulala wakati wa theluji. Dubai ni kinyume chake. Kuanzia Oktoba hadi Aprili uwanja wetu ulijaa wageni. Mei ikiingia, jua liliwafukuza, nasi tukaviingiza vigari sitini vya umeme kwenye banda la mabati vikae humo hadi msimu urudi. Mimi ndiye niliyekuwa mwangalizi wa banda hilo. Nilifika pale kutoka Unguja nikiwa mtu mzima tayari, na kazi ya betri nilijifunza palepale, kwa kukosea na kuuliza. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa subira nayo.

Kila kigari kilikuwa na betri sita chini ya kiti. Betri za namna ile zina asidi na maji ndani, na ukiziacha bila kuzitumia hupoteza chaji zenyewe polepole. Kwenye joto huipoteza haraka zaidi, na maji yake hukauka. Betri ikikaa tupu muda mrefu huharibika, na mara nyingi hairudi tena.

Mwaka ninaousimulia tuliletewa meneja mpya kutoka nchi ya theluji. Alikuwa mtu mwadilifu, simsemi kwa ubaya. Alibandika ukutani utaratibu aliokuja nao: chaji mpaka zijae, chomoa waya, funga banda, usiguse hadi msimu ufike.

"Sir," nikamwambia, "hapa zitakufa."

"Kwetu zinalala miezi mitano na zinaamka vizuri."

"Kwenu zinalala kwenye baridi, sir. Hapa hazilali. Hapa zinatoka jasho."

Alicheka, kisha akanieleza ukweli bila kuuzungusha. Ofisi ilitaka kupunguza watu, na mtu wa kuangalia vigari vilivyolala ilimwona hana kazi. Viza yangu ilikuwa inakwisha Oktoba. Basi tukakubaliana: vigari arubaini na vinane vilale kwa utaratibu wake, kumi na viwili nivitunze mimi. Oktoba tutaviendesha vyote. Kama vyangu havikuvishinda vyake, nitarudi nyumbani na barua nzuri ya shukrani.

Barua sikuitaka. Binti yangu wa mwisho alikuwa amebakiza miaka miwili chuo cha ualimu, na nilikuwa nimemuahidi kwamba hatatoka katikati. Nikatia nia, nikaanza.

Asubuhi niliwasaidia watu wa nyasi. Mchana tulipumzishwa kwa ajili ya joto, na banda niliingia baada ya Alasiri. Chaja nilizopewa zilikuwa sita, za zamani, zisizojua kujizima. Kwa hiyo nilivigawa vigari vyangu: sita Jumatatu, sita Alhamisi. Siku hizo mbili nilizichagua kwa sababu ndizo siku zangu za kufunga sunna, na mtu aliyefunga hasahau siku. Nikishasali Alasiri nachomeka waya. Adhana ya Magharibi ikilia nachomoa, nafuturu kwa tende tatu na maji, nasali, kisha naongeza maji ya betri kwenye zile zilizopungua. Maji hutiwa baada ya chaji, si kabla. Ukitangulia kuyatia, chaji ikipanda asidi hufurika na kula chuma. Vichwa vya betri nilivisugua kwa brashi na maji ya magadi, nikavifuta, nikavipaka grisi. Nilikuwa na kipimo cha kioo cha kuvuta asidi kuonyesha nguvu yake, na kila nilichosoma nilikiandika kwenye daftari.

Mlinzi wa geti, Mkenya wa bara, Mkristo wa kanisa hasa, alizoea kuja bandani wakati wake wa mapumziko kwa ajili ya feni yangu. Umri wake haukupishana sana na wangu, lakini aliniita mzee tangu siku ya kwanza.

"Mzee, unabembeleza hizi betri kama bibi harusi."

"Bibi harusi hanywi maji ya betri, ndugu yangu."

"Wa kwetu wanakunywa kila kitu." Akachungulia vigari vya meneja vilivyofunikwa maturubai. "Na hawa wengine? Wamekufa?"

"Wamelala kwa amri."

"Aki, huo usingizi mimi siutaki."

Juni, Julai na Agosti zilipita hivyo. Bandani nilikuwa nikikamua kanzu ya kazi kama nguo iliyotoka kwenye beseni, lakini kipimo kilinifurahisha: namba zilisimama palepale, wiki baada ya wiki. Septemba zikaanza kushuka. Mwanzoni kidogo, nikadhani macho yangu. Katikati ya mwezi zikashuka kwa vigari vyote kumi na viwili, na joto lenyewe lilikuwa limeanza kupungua. Jambo hilo sikulielewa. Nilikagua waya, nikabadilisha chaja, nikatia shaka maji niliyoyanunua. Nilisali rakaa mbili nikamuomba Mola anionyeshe kosa langu lilipo, kwani nilijua kosa ni langu tu. Betri haina ukaidi.

Nilimweleza mlinzi. Yeye alikuwa amewahi kuwa fundi wa malori kwao, na alisikiliza bila mzaha.

"Unachaji saa ngapi?"

"Kuanzia Alasiri hadi Magharibi."

"Hiyo si saa, mzee. Mimi nimekuuliza saa."

"Nimekujibu. Alasiri hadi Magharibi, sijapunguza hata siku moja."

Akaondoka bila kuaga. Nilidhani nimemuudhi. Akarudi na daftari la getini, lile ambalo kila anayetoka huandikwa muda wake, akalifungua kwenye kiti cha kigari.

"Juni hapa. Umepita getini kwenda basi la mtaani kwenu Karama saa mbili kasorobo. Juzi hapa, soma mwenyewe. Saa moja kasorobo. Sheikh wangu, jua limekuibia saa nzima na wewe unalisindikiza."

Nilikaa chini. Miaka yangu ya chuo cha Kurani nilifundishwa nyakati za sala kwa kivuli cha kijiti, nami niliwafundisha wengine. Nilijua vyema kwamba Magharibi hurudi nyuma kiangazi kikiisha, na Alasiri haisogei kwa kadiri hiyo. Juni zilikuwa saa tatu na nusu kati ya sala hizo mbili, sasa zilibaki mbili na nusu. Elimu hiyo nilikuwa nayo kichwani muda wote, na sikuipeleka mkononi.

"Usilie mbele ya betri," akasema mlinzi. "Zitakudharau."

Zilibaki wiki tatu. Kuanzia siku ile nilichaji kwa saa ya ukutani, muda wa saa nne kamili, na siku nne kwa wiki badala ya mbili. Adhana ikilia nilifuturu kama nilikuwa nimefunga, nikasali palepale bandani, waya zikiwa zimechomekwa, nikasubiri. Darsa ya jioni ya msikiti wa Karama niliikosa mwezi ule wote, na nilimuomba imamu radhi. Namba zilipanda kwa uvivu. Kigari kimoja kilikataa. Betri yake moja ilikuwa imekwisha. Sikukificha nyuma ya vingine.

Siku ya kuviendesha, meneja aliamuru kila kigari kizunguke uwanja mara moja. Kati ya vile arubaini na vinane, tisa tu ndivyo vilivyosogea, na viwili kati ya hivyo vilisimama kabla ya kona ya kwanza. Betri nyingine zilikuwa zimevimba mbavu. Vyangu vilizunguka kumi na kimoja. Meneja aliweka mkono juu ya usukani wa kigari kilichokufa.

"Umeshinda," akasema.

"Sir, kuna jambo." Nikamweleza habari ya Septemba yote, na daftari la getini, na kwamba bila mlinzi ningekuwa na vigari kumi na viwili vilivyokufa vizuri kuliko vyake. Alikuwa bado hajasema neno la viza. Lakini sikuweza kubaki kwa ushindi ambao nusu yake ni ya mtu mwingine.

Alinitazama. "Ulikuwa unapima umeme kwa sala?"

"Kwa sala, sir. Sala haikukosea. Mimi ndiye sikuhesabu."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akafuta jasho. "Lete pasipoti kesho tuiongeze viza. Na huyo mlinzi, kiangazi kijacho nitamuomba aje bandani, kama wakubwa wake wa getini watamruhusu kuondoka."

Nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Kisha nikamuomba ruhusa ya kuanza mapema, kwani kati ya betri zilizokufa zipo zilizozimia tu, na chaji ya polepole huenda ikazirudisha. Akakubali. Nikavuta chaja zote sita hadi mlangoni, nikafunua turubai la kigari cha kwanza, nikafungua vifuniko vya betri na kuanza kusoma maji.