Asali Aliyokataa Kumuuzia Mama

Mama yangu alikuwa mpishi wa wanzuki, ile pombe ya asali inayojulikana nyumba nyingi za Tabora. Aliitengenezea uani kwetu Kanyenye, na nguo zetu za shule zilinukia asali iliyochachuka hata zikifuliwa vipi. Kila Jumapili alikwenda misa ya kwanza, akirudi anafunua mitungi. Hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili, wala paroko hakuwahi kumwambia neno.

Asali aliinunua kwa wakulima waliokuja nayo mjini kwa baiskeli. Mahitaji mengine yote, mchele, sukari, khanga, mafuta, alinunua katika duka moja tu, la mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka Omani wakafuata njia ya misafara hadi Tabora, wasirudi tena. Mzee yule alizaliwa hapa. Kinyamwezi chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mama akiingia asubuhi, humwamkia, "Shikamoo mzee," naye huitikia, "Marahaba," kisha humsalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayo," yaani umeamkaje, mama, na mama hucheka kama msichana. Nikiwa mdogo niliamini kuwa watu wote wenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri wananukia karafuu, kwa sababu yake.

Mwaka ambao dada yangu aliolewa, mvua zilikuwa zimeharibika na miyombo haikutoa maua ya maana. Asali ikawa adimu. Iliyoonekana sokoni ilikuwa imechanganywa na maji ya sukari. Ukiinua kijiko inatiririka kama chai. Lakini duka la mzee lilikuwa na madumu ya asali nzito, nyeusi kidogo, kutoka misitu ya Sikonge. Mama akanichukua nikamsaidie kubeba. Nilikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu.

Mzee alifurahi kutuona. Alikwishashika dumu kwa mkono alipouliza, kwa furaha tu, "Shughuli gani hii kubwa, mama?"

"Harusi ya binti yangu, mzee. Wazee wanakuja kutoka Choma, huwezi kuwapa soda wale. Naweka wanzuki."

Mkono wake ukaachia dumu. Akatazama mlangoni, kisha akasema taratibu, "Hiyo siwezi kukuuzia, mama. Ungesema ya chai, ya dawa, ya kula na mkate, ningekuchotea. Ya pombe, dini yangu hainiruhusu."

Mama alidhani anatania. Alipoona hatanii, uso wake ulibadilika. "Miaka yote hii mzee, hujui ninafanya kazi gani?"

"Najua. Lakini hujawahi kuja kutafuta asali ya kazi hiyo kwangu."

"Kwa hiyo mimi mchafu?"

"Sijasema hivyo, mama. Wallahi sijasema hivyo. Mchele wa harusi chukua, nitakupunguzia bei."

"Na mchele wako kaa nao," mama akasema, akatoka. Mimi nilibaki nimesimama na kitambaa cha kubebea mzigo kichwani, sijui niage au nisiage. Niliaga.

Nyumbani palichemka. Dada yangu, bibi harusi mwenyewe, alitaka jambo liishe. "Nitume mimi. Nitasema ni ya kifua."

"Huendi," mama alisema. "Mzee yule hajawahi kunipunja hata kibaba cha mchele. Nitamdanganyaje?"

"Sasa mbona unamkasirikia? Ramadhani iliyopita si ulimfukuza yule dereva wa lori aliyekuja kununua wanzuki? Ulimwambia arudi baada ya Idi."

"Hilo ni jambo jingine kabisa."

"Jingine kivipi?"

Mama aliacha kupepeta mchele. "Yule nilimkatalia kwa dini yake yeye mwenyewe. Huyu ananikatalia mimi kwa dini ambayo si yangu."

Mjomba, Mmoraviani asiyegusa pombe, alikuwa ameketi pale akinywa uji. Alisema tu kwamba hata yeye asingeuza. Mama alimtazama, na mjomba akamaliza uji wake.

Wanzuki ya harusi ikatengenezwa kwa sukari. Babu mmoja wa Choma alionja, akaweka kikombe chini, akauliza kwa sauti kama chai hii imepoa tangu jana. Watu walicheka na mama alicheka nao, lakini nilimwona akiingia jikoni kufuta macho kwa pindo la khanga. Ng'ombe alichinjwa na mwalimu wa madrasa, kama ilivyo desturi ya mtaa wetu, ili majirani wote waweze kula. Mama angeweza kubadilisha hilo kwa hasira zake. Hakubadilisha. Na mzee alikuja, kanzu imepigwa pasi, akala wali, akakaa ameipa mgongo ile pembe iliyokuwa na mitungi. Alimpa dada mkono wa heri. Mama hakwenda kumsalimu.

Baada ya hapo mama alianza kununua vitu duka la mbali, karibu na stesheni. Alirudi na sukari yenye michanga akilalamika njia nzima, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno.

Likizo iliyofuata nilikuwa nafagia mbele ya nyumba, alasiri, nikamwona mzee anakuja kwa miguu. Hakuingia uani, kwa sababu wateja wa mama walikuwa wamekaa ndani. Alisimama barabarani. Nikamwamkia, akaniomba nimwite mama.

Mama alitoka akiwa na mwiko mkononi.

"Sikuja kuomba radhi," mzee alisema. "Ukiniuliza tena leo, nitajibu vilevile. Nimekuja kwa sababu sikuoni dukani."

Mama aliuhamisha mwiko mkono wa pili. Kisha akaniambia, "Mletee mzee kiti." Nilileta viwili. Walikaa pale ukingoni mwa barabara, watu wakipita na kuwasalimu, wakabishana hadi adhana ya magharibi. Nilisikia vipande. Mama anasema, "Uliniaibisha mbele ya mtoto." Mzee anasema, "Hilo nakubali. Ningekuita pembeni." Wiki ile ile mama alirudi dukani kwake.

Hawakukubaliana kamwe. Mzee hakuwahi kumuuzia asali ya wanzuki, na mama hakuacha kuitengeneza pombe yake. Siku hizi nikisikia watu wanabishana kwenye simu zao kama mfanyabiashara ana haki ya kumkataa mteja kwa ajili ya imani, naona wote wana majibu ya haraka. Mimi sina. Dini ileile iliyomzuia mzee kuchanganya asali na maji ya sukari ndiyo iliyomzuia kumuuzia mama, na machozi ya mama jikoni yalikuwa ya kweli.

Mzee alipofariki, mama alishinda msibani na wanawake wa nyumba ile, akichambua mchele. Aliporudi alifunika mitungi yake, na mpaka arobaini ilipopita hakuchota hata kikombe. Wateja walipiga hodi mlangoni. Aliwaambia waende kwa wengine.