Mwasiti Avusha Mawese, Franga Zibaki Rumonge

Saa moja asubuhi, Juni 2001. Kwenye mwalo wa Rumonge, Burundi, Mwasiti Asmani anakagua kifuniko cha kila bidoni kabla haijapakiwa botini. Ni bidoni kumi za mawese, lita ishirini kila moja. Abiria wenzake wameficha noti kwenye pindo za nguo. Yeye ana nauli tu.

"Pesa yangu iko humu," anasema, akiipiga bidoni kofi. "Nikifika Kigoma, hakuna mutu wa kunikata."

Mwasiti, 43, mjane mwenye watoto watatu, huvuka Ziwa Tanganyika mara mbili kwa mwezi kwenda Tanzania. Vita vimewatawanya watu wa Rumonge, na wengi wamekimbilia ng'ambo. Mama yake, Biasha, ni mmoja wao.

Mwanzoni alibeba franga. Mwaka 1998 alipeleka elfu ishirini za dawa ya mama yake. Mbadilishaji wa kwanza alizigeuza dola, wa pili akazigeuza shilingi, kila mmoja akachukua chake. Karibu franga elfu nne zikaishia kwao.

"Dawa ya wiki tatu ikawa ya wiki mbili na kidogo," anakumbuka. "Mama alimeza nusunusu ili ifike. Nililia njia nzima."

Safari iliyofuata alinunua mawese ya Gatete, karibu na Rumonge, akayauza Kigoma kwa shilingi. Majirani wakasikia. Sasa wanampa franga hapa, ananunulia mafuta. Akiyauza, anawakabidhi jamaa zao shilingi kwa bei ya soko, bila kukata hata senti. Yeye hubaki na faida ya mafuta, kama franga elfu nane kwa safari.

Novemba iliyopita, Nasoro, fundi cherehani, alimpa elfu thelathini za mkewe Raisa, aliyekuwa Kigoma akikaribia kujifungua. Katikati ya ziwa upepo mkali ulivuma, maji yakaingia botini, nahodha akaamuru mizigo itupwe. Mwasiti alizitupa bidoni zake zote nane kwa mikono yake.

Raisa alimpokea mlangoni, miguu imevimba.

"Dada, sioni mzigo," alisema. "Basi, Mungu ametaka hivyo."

"Nilimwambia, kaa hapo, nakuja," anasimulia Mwasiti.

Alikwenda sokoni, akauza hereni za dhahabu alizovishwa siku ya ndoa yake. Jioni alirudi na shilingi za Raisa, kamili.

"Mafuta iliyopotea ilikuwa yangu. Pesa ya Nasoro nilishaipokea," anasema.

Raisa alijifungua salama mtoto wa kike. Nasoro alijua habari ya hereni kwa barua ya mkewe.

"Alinificha," anasema fundi huyo. "Nilienda kwake na maneno mengi. Nikasema murakoze tu, yaani asante, nikakaa."

Tangu hapo anawashonea watoto wa Mwasiti sare bila malipo, na kila muhula Mwasiti hugombana naye akitaka kulipa.

Nahodha anaita. Mwasiti anafunga kitenge kiunoni. Anasema amani ikipatikana, atafungua duka la mawese karibu na soko. Na wateja wake wa ng'ambo je?

"Watu wakirudi, nani atanipa pesa ya kuvusha?" anacheka. "Kazi hii na ife. Mama yangu aje ale kwangu, nimuone akishiba."