Keki Zilizoliwa Kabla ya Mtihani

Mke wangu alikuwa anasomea shahada ya pili ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ile ya mwanzoni mwa themanini, sukari ilipokuwa adimu kuliko mvua. Mimi nilikuwa karani katika kinu cha kuchambulia pamba, hapa Shinyanga mjini, na watoto wetu wawili nilibaki nao nyumbani Ngokolo. Mitihani yake ya mwisho ilipokaribia alikuja kwa treni ajisomee nyumbani. Alishuka amekonda, na sanduku la vitabu zito kuliko la nguo. Alipomaliza kuwakumbatia watoto aliniambia chakula cha bwenini kimemchosha, ana hamu ya kitu kitamu.

Basi nikampikia. Mama yangu alikuwa mtu wa Pangani aliyemfuata baba na biashara yake mpaka huku bara. Tulizaliwa wawili tu, dada na mimi, na dada hakulipenda jiko. Aliyekaa na mama akijifunza kukanda unga na kupalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria ili keki iive juu na chini, ni mimi. Unga wa ngano na sukari nilivipata kwa binamu yangu aliyekuwa akipeleka vitenge machimboni huko Geita. Kule pesa ya dhahabu ilivuta kila kilichokosekana madukani. Alivipataje, sikumuuliza.

Kila nilipotoka kazini niliinjika sufuria. Visheti, mandazi ya iliki, mara moja moja keki. Mke wangu alisoma chumbani, mkono mmoja kwenye kitabu, mwingine kwenye sahani. Majirani walichungulia uani na kucheka. Mmoja aliniuliza kama nimeolewa. Nikamwambia ndiyo, na mke wangu ananitunza vizuri. Hilo halikuniudhi.

Lililoniudhi lilikuja siku moja kabla ya safari yake ya kurudi. Nilikuwa nimetumia unga wote uliobaki kuoka keki tatu, nikazifunga kwenye bati kubwa la biskuti, ili huko chuoni awe na cha kutafuna wakati wa mitihani. Kisha nikaenda stesheni kumkatia tiketi. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi alasiri nilikuta viatu vya wageni mlangoni.

Dada yangu alikuwa amekaa sebuleni pamoja na baba zetu wadogo wawili. Hakuna aliyewaalika. Mke wangu alikuwa amepiga magoti akimimina chai, macho mekundu kwa kusoma. Bati lilikuwa wazi mezani. Ndani mlibaki chengachenga.

"Shikamooni," nilisema.

"Marahaba," walijibu pamoja. Baba mdogo mkubwa akafuta mdomo. "Karibu, mwanangu. Tumekuja tuongee na mkeo. Kusoma kwake kunaisha lini?"

"Mmemtoa kwenye vitabu tangu saa ngapi?"

"Tangu adhuhuri," alijibu dada. "Kwani wageni wanasalimiwa na ukuta? Na keki zake ni nzuri, tumemsifu."

"Keki nimepika mimi, dada. Zilikuwa za safari yake."

Alinitazama kama niliyemwambia nimeiba. Kisha akawageukia wazee. "Mmesikia? Si niliwaambia? Amekaliwa."

Baba mdogo mwingine akatikisa kichwa. "Mwanamke akisoma kupita mumewe, nyumba haina kichwa. Mwambie aache, au utafute mwingine wa kukutunza."

Sijui nilipaza sauti kiasi gani. Najua watoto waliacha kucheza uani. Niliwaambia wazee wangu, watu walionibeba mgongoni, kwamba wamekula chakula cha mtu wakamnyima na muda wake, na kwamba nyumba hii ina kichwa, na kichwa hicho kina mtihani. Nikawafungulia mlango. Dada alitoka akilia kwa sauti ili mtaa usikie. Baba mdogo mkubwa hakunipa hata mkono.

Mke wangu alikusanya vikombe. Nikaanza kulaani upya, naye akanikatisha. "Baba watoto, umenitetea, asante. Sasa ninyamazie, nisome." Akaingia chumbani akafunga mlango.

Sikuwa na unga, wala sukari hata ya kuonja. Nilikwenda kwa jirani yetu, mama mmoja Mkatoliki aliyeolewa kutoka Ushirombo. Alikuwa amesikia kila kitu, mtaa mzima ulisikia. Alinipa chupa ya asali ya kwao na ungo wa karanga. Nilizitwanga karanga zile kwa nguvu mpaka kinu kikahama mahali pake. Nikachemsha asali, nikachanganya, nikakata kashata. Kesho yake alipanda treni nazo.

Alifaulu. Alifaulu vizuri hata chuo kikamwomba abaki afundishe, naye akachagua kurudi huku kwenye pamba, kwa kuwa kwao ni Kishapu na alijua wakulima wake wanalia na nini.

Tulifanya karamu uani. Wazee walikuja, na dada pia, wamevaa vizuri kana kwamba siku ile haikuwahi kuwepo. Baba mdogo mkubwa akasimama kuhutubia. Nilidhani ataomba radhi. Alinishika bega akasema, "Mnamwona huyu? Mwanamume gani mwingine angepika kwa ajili ya mkewe? Shahada hii ni ya kwake!" Watu wakapiga makofi. Dada akapiga vigelegele.

Nilimtazama mke wangu, mwenye shahada, ameketi na sahani ya pilau. Hakuna aliyemtazama.

"Baba," nilisema, "nilipokuwa chuoni nasomea uhasibu, huyu alikuwa ananitumia karanga, mandazi na unga wa uji kwa treni, mtoto mgongoni, na shambani analima. Nani alisimama akasema cheti changu ni cha kwake?"



"Ule ulikuwa wajibu wake," alisema dada.

"Na huu ulikuwa wangu. Makofi ya nini?"

Mke wangu alinivuta shati. "Kaa, pilau inapoa." Nikakaa, lakini sikula.

Yeye alikwisha kumsamehe dada siku nyingi. Humpelekea mchele, humuuguza, wanacheka pamoja mambo nisiyoyajua. Mimi nasalimiana naye misibani, nampa shikamoo yake, naondoka. Watu husema hasira hasara. Huenda. Lakini hadi leo mtu akinisifu mbele ya mke wangu kwamba mimi ni mume wa ajabu, damu hunichemka, na humuuliza mtu huyo kama ameshawahi kumpongeza mke wangu. Wengi hubadilisha mazungumzo.