Chupa ya Chai Isiyo na Chai

Saa kumi na moja alfajiri Mwamvua binti Bashiri alikuwa ameshagombana na goti lake la kulia. Goti lilitaka kubaki kitandani, yeye alitaka kufika Mwanhalu kabla watu hawajafungulia kuku. Wakavutana kidogo pale ukingoni mwa kitanda, mwisho goti likakubali, kwa sharti la kuuma njia nzima.

Ana miaka hamsini kasoro mmoja. Ni mtu wa Kondoa aliyeolewa Mpwapwa akafiwa na mume hukohuko, na kwa miaka tisa amekuwa mchanjaji wa kuku katika vijiji vya njia ya Kibakwe. Watu wanamwita Mama Shamimu, kwa jina la binti yake, na watoto wakikosa adabu wanamwita Mama Kuku. Mradi uliomfundisha kazi ulimpa semina ya siku nne, fulana, na baiskeli nyeusi yenye uzito wa ndama. Nauli ya bodaboda haikuwemo kwenye semina. Mradi ukaisha, fulana ikawa dekio, na dawa inayotakiwa mara tatu kwa mwaka ikawa inapatikana mara moja, ikipatikana. Kilichobaki ni baiskeli, na Mwamvua juu yake.

Dawa yenyewe ni vichupa vinne, kila kimoja hakizidi kidole gumba. Vinasafiri ndani ya chupa ya chai ya mdomo mpana, vimezungukwa na barafu ya kuomba kwenye friji la jirani. Sheria ni moja tu: barafu ikiyeyuka na vichupa vikapata joto, mwaga, rudi nyumbani. Kumdondoshea kuku jichoni dawa iliyopata joto ni sawa na kumnawisha uso.

Mwaka jana Mwamvua aliwanawisha uso kuku wa Mwanhalu nzima.

Ilikuwa hivi. Njiani alikuta msiba. Bonde lile lina desturi yake: nyumba yenye msiba huipiti ukiwa umekaa juu ya kitu, kiwe punda, pikipiki au gari la mbunge. Unashuka, unaingia, unatoa pole. Na ukishaingia maiti hajazikwa, hutoki mpaka azikwe. Akaingia, akaiacha chupa kwenye keria, juani, maana aliona aibu kuingia kwenye kilio na mizigo ya kuku. Akatoka saa nane mchana. Alipofika Mwanhalu alifungua chupa akakuta maji ya kuogea mtoto. Watu walikuwa wamekwishapanga foleni na kuku kwapani, wanamshukuru kabla hajafanya kitu. Akadondosha. Tone, jicho, tone, jicho, mpaka vichupa vikaisha.

Baada ya wiki tano mdondo, ugonjwa uleule unaochanjiwa, ukaingia. Kuku walipinda shingo, wakaanguka, kijiji kikalala kimya kama shule siku ya Jumapili. Na kwa kuwa kila janga linatafuta mwenyewe, watu wakamwona Mzee Khalidi, aliyekuwa amenunua jogoo mwekundu mnadani siku chache kabla. Jogoo ndiye aliyeleta ugonjwa, wakasema. Mzee akamchinja mbele yao, akamfukia, haikusaidia. Watoto wakamtungia wimbo. Mwisho akafunga virago akahamia kwa binti yake Asma, huko Chilendu, chini bondeni. Mwamvua aliyasikia yote hayo akiwa Mpwapwa. Akanyamaza. Amenyamaza mwaka mzima, na kunyamaza kunachosha kuliko kilima.

Ndiyo maana safari hii aliapa: akute nini, asikute nini, hasimami.

Jua lilimkuta ameshauacha mji na makaburi ya wamisionari. Njia hii ni ya siku nyingi. Wapagazi waliipita na pembe za ndovu mabegani, na kwa jinsi mashimo yalivyokaa, yawezekana hakuna aliyeitengeneza tangu wao wapite. Baiskeli ililia, goti likajibu. Kwenye kila mteremko alisikiliza keria: barafu ilikuwa ikigonga kuta za chupa, ko, ko, ko. Huo ndio muziki pekee alioutaka.

Alipofika kwenye mto, aliukuta kama unavyokuwa kila Julai, mchanga mtupu upana wa uwanja wa mpira, na visima vya kuchimba kwa mikono vimetapakaa. Katikati ya mchanga walikaa wanaume wanne waliovaa nguo za kubana kama soseji, baiskeli zao nyembamba zimelazwa chini. Mmoja alikuwa akijimwagia maji kichwani.

"Shikamoo mama," alisema yule wa maji. "Naitwa Ludovick, tunatoka Dodoma, mimi nipo Nkuhungu. Tunazungukia vijiji vya kihistoria."

"Marahaba. Mmeviona?"

"Tumeona vilima." Akakohoa. "Na wewe mama unafanya mazoezi?"

"Ndiyo," alisema Mwamvua, akisukuma ndama wake mchangani. "Daktari kaniambia nipunguze kuishi vizuri."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Ludovick akainuka kumsaidia kusukuma, na hapo ndipo alipojua uzito wa baiskeli ile. "Mama, hii umepakia injini?" Walipofika ukingo wa pili alikuwa anahema. "Halafu hapo mbele Chilendu kuna msiba. Sisi wenyeji walitushusha kama wezi. Maziko ni baada ya adhuhuri, wamesema. Mzee mmoja anaitwa Khalidi."

Mwamvua alishika usukani kwa mikono miwili. Barafu ikagonga, ko.

Yaani kati ya wazee wote wa bonde lile.

Akapanda, akakanyaga. Kilomita mbili zile hakuzihisi gotini wala popote. Kama kuna maiti duniani aliyestahili kusimamiwa na Mwamvua, ni huyu. Na kama kuna kijiji kilichostahili dawa ya baridi, ni kile kilichomfukuza mzee huyu. Saa mbili ilikuwa imepita. Mpaka adhuhuri barafu ingekuwa chai.

Chilendu alishuka, akasukuma kwa miguu, kanga kichwani. Asma alikuwa amesimama mbele ya nyumba, kiuno kimefungwa, macho mekundu.

"Mama Shamimu, shikamoo. Umesikia? Baba ametutoka alfajiri."

"Inna lillahi. Nimesikia, mwanangu. Pole sana." Akabaki ameshika baiskeli. "Siingii."

"Huingii?"

"Nikiingia sitatoka. Nina dawa ya Mwanhalu."

Bibi mmoja aliyekaa mkekani akapaza sauti: "Kuku wamekuwa watu, na watu wamekuwa kuku! Yesu na Mtume wote wakusamehe."

"Mwache apite, bibi," alisema Asma, bila kumtazama Mwamvua. "Wa Mwanhalu walishampita akiwa hai."

Hilo lilimwingia mahali ambapo goti halijawahi kufika. Alisukuma baiskeli mpaka nyumba ilipokwisha, akapanda. Nyuma yake alisikia mtu akisonya, msonyo mrefu, wa kulipiwa ushuru.

Kilomita tisa za kilima. Alipofika Mwanhalu saa nne ilikuwa imepita, na alitegemea kuwakuta kuku wametapakaa mashambani, maana miaka yote watu humsubiri kwa uvumilivu wa dakika kumi. Akashangaa. Kijiji kizima kilikuwa kimefunga kuku. Kila jiko lilikuwa linapiga kelele.

"Afadhali umekuja!" alisema Violeth, mwenye nyumba ya kwanza. "Hawa wangu tangu asubuhi wananiuliza wamefanya kosa gani."

Mwamvua alifungua chupa. Barafu ilikuwa imebaki vipande vitatu, vidogo, lakini barafu. Akashika vichupa kimoja kimoja. Vilimng'ata vidole kwa baridi. Alitaka kulia, akakosa nguvu.

"Mwaka huu hatuna wasiwasi," Violeth aliendelea, akimshikia tetea wa kwanza. "Jogoo wa mnadani tumepiga marufuku. Na yule mzee mwenyewe nasikia kafa."

Mkono wa Mwamvua ulisimama hewani. Kisha tone likadondoka jichoni, na tetea akapepesa. Alitaka kusema, lakini barafu haisubiri maungamo. Akafanya kazi nyumba kwa nyumba, kuku mia mbili na kitu, mpaka shingo ikakakamaa.

Alasiri alikuwa tena Chilendu. Mzee Khalidi alikuwa ameshazikwa, wanaume wameshatawanyika. Mwamvua aliegesha baiskeli, akaingia, akakaa mkekani mbele ya Asma na wale wanawake.

"Asma. Jogoo wa baba yako hakuleta kitu. Dawa yangu mwaka jana ilipata joto njiani. Nilijua, nikaidondosha hivyohivyo, kwa aibu ya kuwarudisha watu. Wakamsingizia yeye, nikanyamaza."

Asma alikunja pindo la kanga, akalikunjua.

"Jana alikuwa anajisikia vizuri tu," alisema mwishowe. "Jana jioni kaniuliza kama Mwanhalu wamepata kuku wengine."

Mwamvua aliinamisha kichwa. Akasogezewa sahani ya ugali na mlenda.

"Kula," Asma alisema. "Ukimaliza utarudi Mwanhalu ukawaambie hayo maneno."

"Nitakwenda kesho asubuhi, mwanangu. Goti hili..."

"Leo. Wakiwa bado wanakushukuru."

Akala matonge matatu, maana mengine hayakupita. Akanawa, akaaga kila mmoja kwa mkono, akasukuma baiskeli mpaka nyumba ilipokwisha. Kilima kilikuwa palepale, kilomita zilezile tisa, jua limeshaanza kulegea upande wa Kibakwe. Kwenye keria chupa ilikuwa tupu na haikugonga kitu. Akainua mguu wa kulia kwa mkono, akauweka juu ya pedali, akakanyaga.