Hatua ya Ngongoti

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, dada yangu alisimama kisogo kwenye fremu ya mlango wa karakana, nami nikamwekea penseli kichwani. Alama iliangukia palepale pa jana na pa mwaka juzi.

"Leo je?"

"Leo umepanda kidogo. Hujachana nywele."

Alicheka, akaenda zake mazoezini. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na watu walimwita Kibiriti, kwa kimo chake kifupi na kwa jinsi alivyowaka filimbi ikilia. Klabu yetu ya riadha ilikuwa inachagua wasichana wawili wa mita mia waende kambini, na dada hakutaka kitu kingine duniani. Nafasi ya kwanza ilikuwa na mwenyewe: Ngongoti, kama tulivyomwita msichana mmoja mwenye miguu inayoanzia kifuani. Ya pili waliigombea watatu, na dada aliwazidi wenzake kwa kiduchu tu.

Aliyemfundisha ni baba. Baba ni fundi seremala, na kwake hakuna jambo lisilopimika. Siku moja Ngongoti alipomaliza kukimbia, baba alipiga magoti kwenye vumbi na futi kamba, akapima nyayo zake, kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Akarudi nyumbani akakata ubao mwembamba wa urefu huohuo. Akaupiga msasa kabisa, utadhani wa kuuza.

"Sikiliza, mama," alimwambia dada. Humwita hivyo kwa kuwa alimpa jina la bibi yetu, mama yake mzazi. "Ngongoti anamaliza mia kwa hatua arobaini na tisa. Wewe hamsini na saba. Lakini miguu yako inapiga upesi kuliko yake. Sasa chukua upesi wako, tia kwenye hatua yake. Nani atakushika?"

Kwenye karatasi hesabu ilikuwa safi. Mimi shule niliiachia darasa la tano, ningembishia nini?

Wiki saba baba alilaza ule ubao uwanjani akichora mistari ya chokaa, na dada akiirukia. Niliona. Mguu ulitua mbele mno, mbali na mwili, kisigino kwanza, na kila ukitua ni kama amefunga breki. Hatua ilirefuka kweli, ila upesi ulikwisha. Jioni alijikanda nyuma ya paja kwa maji moto.

"Dada, mwambie."

"Nimwambie nini? Ameacha kazi za watu kwa ajili yangu. Makabati aliyoagizwa na yule mwalimu mpaka leo hayana milango."

Siku ya mchujo alitoka kwa hatua zake za zamani, fupi, za haraka, kama sindano ya cherehani. Hadi katikati alikuwa bega kwa bega na Ngongoti, watu wamesimama. Ndipo baba akapaza sauti kutoka pembeni, "Nyoosha, mama. Nyoosha hatua."

Akanyoosha. Hajawahi kumkatalia baba neno. Wale wenzake wawili walimpita kama aliyesimama kuuliza njia, akawa wa nne.

"Ulichelewa kunyoosha," baba alisema nyumbani, akipiga randa. "Ungeanza mapema. Na kimo nacho, basi tu, umemfuata mama yako."

Dada alichukua ule ubao, akautupia kwenye rundo la mabaki.

Asubuhi alikuja mlangoni kama kawaida, nikatafuta penseli. "Wacha, mdogo wangu," akasema. Akachukua kipande cha msasa, akasugua zile alama hadi mbao ikawa nyeupe. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea, na begi begani.

"Wapi?" baba aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hapo tu."

"Ukirudi niletee misumari ya inchi mbili."

"Haya, baba."

Akatoka kwa hatua zake zilezile fupi. Misumari baba aliifuata mwenyewe, siku ya nne.